Denga Katika Pindo la Kitenge

Jumapili ile Héritière aliamka kabla ya mama yake, akaweka sombe, yale majani ya muhogo, jikoni ichemke polepole pamoja na mawese na kipande cha samaki wa chumvi. Sombe yenyewe ilikuwa ya pakiti, ya duka la Waafrika, imeganda kama tofali. Lakini ukiipa muda na moto mdogo hulainika, na nyumba nzima ya Apple Valley, Minnesota, pamoja na zulia lake la rangi ya maziwa, ikanukia Bukavu, kwao Kongo. Alitaka inukie hivyo. Mchana Valerian angekuja kula. Kwa miezi mingi alikuwa akimshusha barabarani na kuondoka bila kuzima gari. Safari hii angevua viatu na kuingia, aonekane.

Kaka yake, Mugisho, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa akiketi mahali pa baba, aliacha ovataimu ya ghalani Shakopee ili awepo. Mama yao, Nyiraneza, alikuwa amekubali kwa neno moja tu. "Aje," alisema. Watoto wake walimjua. "Aje" ya mama ilikuwa mbali na "karibu".

Walipotoka kanisani Héritière alipanda chumbani kubadilisha nguo. Alitaka kitenge chake cha bluu chenye manyoya ya tausi, kile alichokiacha nyuma ya mlango. Hakikuwepo. Alikikuta juu ya kitanda, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri kama cha dukani. Akakikunjua haraka. Pembe ya pindo, ile aliyoifunga fundo dogo na kulikaza kwa meno, ilikuwa wazi. Imenyooka. Haina kitu.

Akakaa kitandani, pindo mkononi.

Chini kengele ya mlango ikalia.

Ndani ya fundo lile mlikuwa na sarafu. Valerian alimpa wiki chache nyuma, katika duka la sarafu za kale huko Saint Paul, alikokuwa akifanya kazi jioni baada ya masomo. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kukitazama kitu kidogo kwa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kupima na kupanga vipande vya fedha vilivyotoka Urusi ya zamani, vidogo na vyembamba kama magamba ya samaki.

"Nipe mkono," alimwambia jioni ile.

"Ni nini hii?"

"Inaitwa denga."

"Denga? Kama ile homa ya mbu?"

Valerian akacheka mpaka akavua miwani. "Ile ni dengi. Hii haiumi mtu. Ina zaidi ya miaka mia tano, ya watawala wa Moscow."

Héritière akaisogeza kwenye taa. Akaona farasi, juu yake mtu ameshika upanga, na pale juu ya mabega ya mtu hakuna kitu. "Mbona mwenyewe hana kichwa?"

"Kilibaki nje. Hawakuwa na mashine, Heri." Yeye peke yake ndiye aliyelikata jina lake hivyo, akaliacha na Kiswahili kitupu. "Fundi alivuta fedha ikawa waya, akaukata waya vipande, kila kipande akakigonga kiwe bapa. Halafu akakiweka kati ya mihuri miwili ya chuma, akapiga nyundo. Sasa muhuri ni mkubwa kuliko kipande. Kilichoangukia nje ndiyo basi. Hapa farasi alipata nafasi, upanga ukapata, kichwa cha bwana mkubwa kikaenda zake. Geuza. Hilo ni jina lake, limeingia nusu."

"Na fundi akaona ni sawa tu?"

"Alikuwa na vipande vingine vinamsubiri."

Bibi Margaret, mwenye duka, alikuwa amemwachia ile sarafu kwa kuwa wateja hawakuitaka. Walikuwa wakiishika, wakiona kichwa hakipo, wakiirudisha. Valerian aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Alivikunja vidole vya Héritière juu yake, kimoja kimoja.

"Kwetu," akasema, "kabla ya wazee kukutana na mambo ya mahari, kijana anatoa kitu kidogo. Kinaitwa kishika uchumba. Ni cha kusema tu kwamba huyu ana mtu, wengine wapite. Unakipokea?"

Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja, na Héritière alikuwa ameiapia mbele ya mama: kitu cha mwanamume hakivuki mlango kabla wakubwa hawajakaa. Aliikumbuka. Akamtazama Valerian, yale macho yasiyo na haraka, akaona kwamba angeweza kutazamwa hivyo mpaka uzeeni bila kuchoka.

"Nakipokea," akasema.

"Basi mwambie mama kabla sijaja. Sitaki aone nimepitia dirishani."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jumatatu mama alikuwa akiumwa magoti. Katikati ya wiki mama alikuwa amefunga kwa maombi. Jumamosi mama alikuwa na furaha, na nani angependa kuiharibu? Siku zikaenda hivyo, sarafu ikiwa pembeni mwa kitenge, akiigusa kila alipokijifunga kiunoni.

Alipofika chini, Valerian alikuwa ameshavua mabuti na kuyapanga mlangoni juu ya gazeti ili theluji isichafue zulia. Amevaa shati jeupe. Alimwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

Mama, ambaye kwao salamu hiyo haitumiki, alimjibu, "Jambo. Jambo, mwanangu," akamtazama kuanzia soksi mpaka kichwani.

Mugisho alijitahidi kuchangamsha. "Karibu, ndugu. Nyinyi Watanzania munasemaka kama redio. Nikikusikiliza naona kama utasoma habari."

"Na ninyi mkisalimiana tu, kaka, jirani anafikiri mnagombana."

Mugisho akacheka kwa dhati, akampiga begani. Hata mama alivuta mdomo kidogo. Héritière aliona kicheko kile kikipita mezani akatamani kukishika kisiondoke. Alichukua jagi na beseni, akaenda kumnawisha mgeni. Aliinama karibu naye, maji yakitiririka juu ya vidole vyake virefu.

"Mama ameiona," akanong'ona.

"Ulimwambia?"

"Bado."

Valerian aliinua macho. Maji yaliendelea kumwagika mpaka jagi likabaki tupu.

Mama akaomba baraka ya chakula. Aliomba kwa kirefu, akamwomba Mungu afunue yaliyofichwa. Waliposema amina, Mugisho akanyoosha mkono kwenye ugali, mama akamzuia kwa kiganja.

"Mbele ya kula, niko na kintu naulizia."

Akatoa leso ya karatasi kifuani, akaiweka kati ya bakuli la sombe na sahani ya samaki. Akaifungua kwa mpini wa kijiko, bila kukigusa kilichomo.

"Hii nimeitoa mu kitenge ya huyu mutoto, wakati nafua. Ilifungwa na fundo, ndogo, ya nguvu, vile banafungaka dawa. Muangalie vizuri. Muntu hana kichwa. Iko juu ya nyama, kama punda, iko na upanga. Nyuma ni maandiko ya kukatika, hayasomeke."

Mugisho aliirudisha mikono yake mapajani. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa akizungumzia habari ya Bukavu, lakini wote watatu waliijua: kile kifurushi kilichokutwa chini ya kizingiti, kimefungwa kwa fundo kama hilo, na baba ambaye baada ya hapo aliugua, asipone tena. Valerian hakuijua habari hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Héritière," mama akasema. "Hii ni yako?"

Jokofu lilikuwa linanguruma. Nje mtu alikuwa anakwangua kioo cha gari, krr, krr, akiacha na kuanza upya.

"Sijui, mama."

"Hauijui?"

"Siijui. Sijawahi kuiona."

Hakumtazama Valerian. Hakuwa na haja. Mtu unayempenda akiacha kupumua kando yako, shingo yako inajua.

Valerian alingoja. Alimpa muda, mwingi kuliko adabu ilivyoruhusu, hata Mugisho akaanza kuwatazama kwa zamu. Ndipo akasema kwa upole, "Mama, msiiogope. Ni sarafu ya fedha, ya Urusi ya zamani. Mimi nafanya kazi nazo. Hiyo ni yangu."

"Ni yako. Na ilifika namna gani mu kitenge ya mutoto wangu?"

Jibu lilikuwa fupi: nilimpa, akapokea. Lakini jibu hilo lingemaanisha, mbele ya kaka na mama, Jumapili, kwamba binti yenu amewadanganya hapa mezani. Valerian akalizunguka.

"Niliileta mimi. Kwetu ni jambo la heshima kabisa, mama. Ni kishika uchumba."

"Kishika nini?"

"Kishika uchumba."

"Cha kushika." Mama akalitamka taratibu. Akamgeukia mwanawe. "Mugisho, umesikia? Amesema na kinywa yake. Kintu ya kushika. Ya kumushika mutoto."

"Hapana, mama. Si cha kumshika yeye. Ni neno tu, ni desturi. Kinashika ahadi."

"Kama ni desturi, juu ya nini mutoto haijui?"

Hapo wote wakamgeukia Héritière. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: alinieleza, nikapokea, nikaifunga mimi mwenyewe. Aliuona mkono wa mama juu ya leso, ule mkono uliomvusha mpaka wa nchi akiwa mgongoni. Aliuona uso wa kaka yake. Akaona pia, kwa pembe ya jicho, shati jeupe ambalo Valerian bila shaka alilipiga pasi mwenyewe, kola imepinda upande mmoja.

"Dada yangu," Mugisho akamwuliza kwa upole, "ni wewe ulifunga?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

Valerian akainamisha macho, kama mtu aliyesomewa kitu alichokwisha kukijua. Akasimama.

"Mama, mnisamehe kwa kuwatia hofu."

"Sina maneno mabaya na wewe," Mugisho akasema, naye amesimama. Sauti yake ilikuwa ya kusikitika. "Nilikupenda hapa mlangoni, kweli kabisa. Lakini chukua kitu chako, uende nacho."

Valerian akaiokota sarafu kwa vidole vitupu, mama akashtuka. Akaitia mfuko wa shati. Mlangoni alichelewa kufunga kamba za mabuti, zilikuwa zimelowa.

Héritière alimfuata nje bila koti, na kandambili miguuni. Ulikuwa Machi, ule Machi wa Minnesota usiojua kama ni baridi au masika. Theluji chafu ilikuwa imelundikwa kando ya maegesho, na chumvi imechora mistari myeupe kwenye milango ya magari.

"Rudi ndani, Heri. Utaugua."

"Niliogopa."

"Najua."

"Sikukuogopa wewe. Nilimwapia mama kwamba sitapokea kitu. Halafu kuna habari ya baba, huijui. Walikuta kitu kimefungwa, nyumbani, kabla hajafa. Mama akiona fundo anarudi kulekule."

Valerian alisimama na ufunguo mkononi. "Ningeijua hiyo, nisingelitaja lile neno pale mezani."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka kuniambia mimi, ulitaka kumwambia yeye." Aliyasema bila ukali, na hilo ndilo lililouma.

"Nigombeze basi. Kasirika."

"Siwezi. Nikikutazama, hasira inanikataa. Ningekuwa naweza ingekuwa rahisi."

Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini. "Naingia sasa hivi namwambia kila kitu. Nilipokea mimi, nilifunga mimi. Ningoje hapahapa."

"Mwambie. Mwambie ili asilale na hofu, mzazi wa watu. Usimwambie kwa ajili yangu."

"Kwa nini unasema hivyo?"

Valerian alikuwa anamtazama kama alivyotazama vile vipande vyake chini ya taa, pande zote, kwa subira, ila safari hii kama mtu anayetaka kukumbuka.

"Nilipokaa pale nilikuwa natafuta neno la kukukinga," akasema. "Kila neno nililolipata lilikuwa linakufanya mwongo. Basi nikasema yangu, wakaniona mchawi. Nikavumilia, nikajiambia atasema sasa. Ulivyosema hujawahi kuiona, sikuumia sana. Mtu akishtuka husema chochote. Lakini Mugisho alikuuliza taratibu, kama ndugu. Ulikuwa na nafasi ya kufikiri, Heri. Ukafikiri, ukatikisa kichwa."

"Valerian."

"Ningekungoja, unajua. Wazee wangekataa mwaka huu, ningerudi mwaka kesho. Mama angetaka nihame kanisa, tungezungumza. Nilijiandaa kwa yote ya mama na ya kaka. Kwa lako sikujiandaa."

Héritière alitaka kumshika mkono. Mkono wake mwenyewe haukunyanyuka, na hata baadaye, kila alipokumbuka, hakuelewa kwa nini.

"Unaniacha?"

"Naenda Plymouth, nyumbani. Nina darasa kesho." Akafungua mlango wa gari. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya siku zote, "Toka hapo nyuma. Kuna barafu, utateleza."

Héritière akatoka pale. Gari likarudi nyuma, likageuka, likaingia barabarani huku taa ya upande, ile ya kuonyesha kona, ikiwaka kwa utaratibu, maana hakuwahi kuisahau.

Ndani hakuna aliyekula. Mama alikuwa amefunika bakuli kwa sahani, akiwa ameketi palepale, na leso tupu mbele yake. Héritière alisimama mlangoni, vidole vya miguu vimekufa ganzi.

"Ni mimi niliyefunga, mama."

Akasogea mpaka mezani.

"Alinipa, akanieleza maana yake, nikapokea. Akaniambia nikuambie kabla hajaja. Nikakaa kimya. Na hapa mezani nimedanganya."

"Hiyo kishika," mama akasema. "Maana yake ni nini?"

"Ni kitu kijana anatoa kabla ya mahari, kuonyesha ana nia. Watu wajue msichana amechumbiwa."

"Ni fiansai."

"Ndiyo, mama. Kama fiansai."

"Donc basi alileta fiansai. Na miye nikamufukuza mbele ya sahani." Mama aliishika leso, akaikunja, akaikunjua. "Juu ya nini haukusema akiwa hapa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa miye?"

Mama alitazama mikono yake mwenyewe, iliyochakaa, yenye alama za mafuta ya moto. Alipozungumza tena, ilikuwa kama anazungumza na mtu mwingine, aliyekaa mbali.

"Pengine baba yenu aliugua tu," akasema. "Vile watu banaugua."

Mugisho akageuza uso dirishani.

Kisha mama akainuka, akashika kiuno, akamwaga ule ugali uliopoa, akabandika maji mengine. "Mwite," akasema bila kugeuka. "Sema mama anasema arudi, akule. Miye mwenyewe nitamuomba musamaha."

"Naweza kwenda kumchukua," Mugisho akasema, akipapasa mfuko kutafuta funguo. "Hata Plymouth, naenda sasa."

Héritière akapiga. Simu iliita, ikaita, akadhani haitapokelewa.

"Heri."

"Nimemwambia mama yote. Anataka urudi. Ameshika mwiko, anasonga mwingine. Anataka kukuomba msamaha, yeye mwenyewe."

"Anaombaje msamaha? Alikuwa anamlinda mtoto wake."

"Basi njoo."

Upande wa pili alisikia mlio wa taa ya upande, tik, tik, tik. Alikuwa amesimamisha gari kando ya barabara. Hakuwa mbali, basi. Héritière alifumba macho, akamwona, mikono juu ya usukani, anatazama mbele. Mlio ukaendelea. Akajikuta anauomba ule mlio usikome.

"Mshukuru sana mama," Valerian akasema mwishoni, polepole, kila neno likiwa limewekwa mahali pake. "Mwambie nimeshiba."

Ile tik, tik ikakoma. Baadaye kidogo simu nayo ikanyamaza.

Mama alikuwa amegeuka, mwiko mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

"Anakuja?"

"Anasema ameshiba."

Mama akaitazama meza, sombe chini ya sahani, samaki mzima, kiti kilichosogezwa nyuma.

"Lakini hakukula hata tonge moja."

"Ndiyo, mama," Héritière akasema. "Hakula."